Aliyerudi Kumtazama Papa

Zoleka ndiye aliyeliona jina kwanza. Alisimama mlangoni pa chumba cha suti za kuzamia, orodha ya wageni ameikumbatia kifuani, akaniita kwa sauti ya mtu anayetaka kucheka lakini anaogopa.

"Ronel, shoga yangu. Pumzi unazo?"

"Nina ndoo mbili za vichwa vya jodari mikononi. Sema upesi."

"Ziweke chini kwanza."

"Zoleka!"

"Kuna Februarie humu. Mgeni wa kumi na mbili. C. Februarie."

Niliziweka ndoo chini. Akina Februarie wamejaa mtaani kwetu Blompark, ukirusha jiwe utampata mmoja na atakurudishia. Lakini Februarie wa Blompark hapandi boti ya kutazama papa. Wanaopanda ni Wajerumani, na watu wa Johannesburg wanaotaka picha, na maharusi waliokosa cha kufanya. Mtu wa kwetu halipi nauli kwenda kumwangalia mnyama aliyemla ndugu yake.

"Labda ni Christo," nikasema.

"Christo anaogopa hata beseni la kuogea. Ni yeye, Ronel. Yuko nje anakunywa chai. Hajagusa andazi lake."

Nilitoka. Curwin alikuwa amesimama kando ya ukuta, mbali na wageni wenzake, ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Miaka minne. Mvi zilikuwa zimemwanza juu ya masikio, naye hajatimiza hata thelathini na mbili. Shati lilimning'inia mabegani. Aliponiona hakutabasamu, wala mimi sikutabasamu. Moyo wangu tu ndio ulionisaliti, ukaruka kama samaki aliyetupwa sitahani. Nikauambia kimyakimya: tulia, mpumbavu wewe, huyu si wako tena.

Niseme tu yaliyotokea, maana kwetu kila mtu anayajua na kila mtu ana yake ya kuongeza.

Curwin alikuwa baharia kwenye boti ya baba yangu, iitwayo Malgas. Mimi nilikuwa, na bado ndiye, ninayekoroga mchuzi. Mchuzi ndivyo tunavyouita ule mchanganyiko wa damu, mafuta na samaki waliosagwa tunaoumwaga baharini ili papa anuse na kuja kwenye kizimba cha nondo wanamoshuka wageni. Tulipendana juu ya ndoo hizo. Mwanamume anayeweza kukubusu ukinuka mafuta ya samaki huyo hadanganyi, nilijiambia. Tulikuwa tumeshatangaza nia ya kuoana kanisani.

Ndipo asubuhi moja ya Agosti mdogo wake, Riaan, akazamia nyuma ya kisiwa kutafuta perlemoen, wale konokono wa mwambani wanaouzwa kwa magendo. Hakuwa na kibali, na hakurudi. Siku hiyohiyo Malgas ilikuwa imetia nanga upande uleule, nami nilikuwa nikimwaga mchuzi wangu tangu saa mbili.

Jeneza lake tulilizika na suruali yake ya Jumapili, viatu, na Biblia ya marehemu baba yake, kwa sababu bahari ilirudisha miwani ya kuzamia tu. Makaburini nilinyoosha mikono nimkumbatie mama yao, Shangazi Siena. Alirudi nyuma hatua moja.

"Ulimwalika mnyama mezani," akaniambia mbele ya watu wote. "Alipofika akamkuta mwanangu. Usiniguse."

Nilimtazama Curwin. Neno moja tu lingenitosha. Alitazama viatu vyake. Wiki ya pili yake akaenda Walvis Bay kwenye meli kubwa za uvuvi. Hakuaga. Barua yangu ilirudi haijafunguliwa.

Huyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele yangu sasa anasubiri kuvishwa suti.

"Habari ya asubuhi, Ronel."

"Karibu. Suti yako namba ngapi?"

"Unaijua namba yangu."

"Nawauliza wageni wote."

"Kubwa."

Nikampima kwa macho. "Umekonda. Chukua ya kati."

"Walvis Bay hawapiki kama mama yako."

"Mama yangu siku hizi hawapikii watu wanaoondoka bila kuaga."

Zoleka akakohoa nyuma yangu kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nikampa Curwin suti, viatu vya mpira na koti la mvua. Alipomaliza kuivaa akanigeuzia mgongo, kwa maana zipu ya suti iko nyuma na mtu hawezi kujifungia mwenyewe. Nilikuwa nimeshawafungia watu kumi na mmoja asubuhi ile bila kufikiri. Nilipofika kwake vidole vyangu vikawa vizito. Chini ya shingo yake kile kidoa cha kuzaliwa kilikuwa palepale. Nikavuta zipu haraka, kwa nguvu, mpaka akashtuka.

"Pole," nikasema.

"Nilistahili."

"Umekuja kufanya nini, Curwin?"

"Kutazama papa. Nimelipa kama wengine."

"Mama yako anajua umerudi?"

Akalivaa koti la mvua, akalifunga vifungo vyote. Nikajua kwamba hajui.

Baba alikuwa ameshaketi kwenye usukani, boti ingali juu ya gari lake la kuivuta, trekta likinguruma. Ana macho ya mzee wa bahari. Alikuwa amemwona Curwin kutoka mbali kabla sijafungua mdomo.

"Yule nani?"

"Mgeni, Baba."

"Nina macho, Ronel. Amelipa?"

"Amelipa."

"Basi ni mgeni." Akatema mate upande wa bahari. "Lakini akikutoa machozi kwenye boti yangu, nitamshusha pale kwenye mwamba wa sili akaishi nao. Mwambie."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Basi nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Curwin alipopanda, alivua kofia na kusema, "Mjomba Attie." Baba alimtazama muda mrefu, akaitikia kwa kidevu, akawasha injini.

Upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa njiani, na Baba alisema tuna mpaka saa saba, si zaidi. Anga lilikuwa la rangi ya sufuria kuukuu. Zoleka aliwapa wageni maneno yake ya kila siku: mkisikia naita 'Chini!', vuteni pumzi mzame, msitoe mikono nje ya kizimba, anayetaka kutapika atapikie upande wa kushoto, huko kulia tunatoa chai. Wakacheka. Kisha akasema lile tulilojifunza kulisema tangu nyangumi wauaji walipoanza kuwawinda papa weupe na kuwatoa maini: "Tunawaahidi bahari. Papa hatumwahidi mtu."

Ilikuwa siku ya arobaini na moja bila papa mweupe hata mmoja. Papa shaba walikuwa wakija, wageni wakipiga picha na kushukuru, lakini sisi tulikuwa tukitazamana. Boti mbili za jirani zilikuwa zimeshauzwa.

Tukatia nanga, tukashusha kizimba ubavuni, nikaanza kazi. Saa moja ikapita. Saa ya pili ikaanza. Mama mmoja wa Kijerumani alikuwa ameulalia ukingo wa boti kama nguo iliyoanikwa. Nilisikia hatua nyuma yangu, na sikuhitaji kugeuka.

"Nikusaidie kukoroga?"

"Wageni hawakorogi."

"Ronel, nina jambo la kukuambia, na nisipolisema leo sitalisema tena."

"Miaka minne ulikuwa na mdomo. Ulikuwa wapi?"

"Walvis Bay, kama mwoga."

Hilo sikulitegemea. Nikaendelea kumwaga, kikombe baada ya kikombe, mafuta yakitandaa juu ya maji kama hariri chafu.

"Sema basi."

Alishika bomba la ukingo kwa mikono yote miwili. "Asubuhi ile niliyokuambia nina homa."

"Ndiyo. Nilikutumia chupa ya supu."

"Sikuwa na homa."

Mkono wangu ukasimama.

"Mimi ndiye niliyeendesha boti ya mpira. Riaan hakwenda na wazamiaji wa Hawston kama ilivyosemwa. Alikwenda na mimi."

Mbayuwayu wa bahari walikuwa wakipiga kelele juu ya vichwa vyetu. Nilisikia kila mmoja.

"Rudia," nikasema.

"Nilimpeleka mimi. Jioni ya kuamkia siku hiyo wewe uliniambia kwa simu Malgas itatia nanga wapi. Unakumbuka? Ulisema, kesho tuko nyuma ya kisiwa, upande wa mwamba. Nikawaza, doria hawatajali kaboti kadogo karibu na boti za watalii, watadhani ni kenu. Ndiyo maana nilichagua pale."

"Kwa sababu niliku..."

"Kwa sababu uliniambia. Hukujua. Wewe hukujua lolote."

"Endelea."

"Doria ikatokea. Riaan alikuwa chini. Nikawasha injini nikaondoka, nijifanye napita tu. Dakika ishirini, Ronel. Labda ishirini na tano. Niliporudi maji yalikuwa yametulia. Ndilo lililoniumiza. Yalikuwa yametulia kabisa."

Nilitaka kumshika. Nakiri. Miaka yote ile ya kumlaani, na mwili wangu bado ulitaka kumshika. Badala yake nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo:

"Na makaburini? Mama yako aliponigeuza muuaji mbele ya kanisa zima, ukatazama viatu?"

"Nilikuwa nimeganda."

"Watu walihama benchi, Curwin! Nikikaa mimi, wao wanahama. Mama yangu aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama. Watoto wa Blompark wananiita Msichana wa Damu. Nilikuwa naamka nafikiri labda ni kweli, labda ni mimi niliyemwita. Miaka minne nimejiuliza. Na wewe ulikuwa na jibu mfukoni!"

"Sina jibu. Mchuzi wako ulikuwa majini, Riaan alikuwa majini, mimi ndiye niliyemweka hapo. Hakuna ajuaye papa alifuata nini."

"Usinichanganye kwenye hesabu yako."

"Sikuchanganyi. Nakutoa."

"Kwa nini mlikwenda? Ulikuwa na kazi. Baba alikulipa kila Ijumaa."

Akatazama mikono yake, na mimi nikajua kabla hajasema, nikatamani asiseme.

"Pesa za ukumbi wa harusi," akasema. "Riaan alisema mara moja tu, Kaka, mara moja, tukupe harusi ya kueleweka."

Nilimpiga kofi, lenye mafuta ya samaki na kila kitu. Mgeni mmoja akageuka, kisha akajifanya anaangalia sili. Curwin hakujifuta.

"Usiniwekee mimi hilo," nikamwambia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyajali. "Usithubutu. Mimi ningeolewa nyuma ya kiwanda cha samaki. Ningeolewa nimevaa koti hili la mvua. Uliniuliza? Uliwahi kuniuliza?"

"Hapana."

"Mama yako umemwambia?"

"Nikimwambia nitamuua."

"Na mimi niliyekwisha kufa je?"

Na wakati huohuo Zoleka akapaza sauti kutoka juu ya kibanda cha usukani, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa siku arobaini na moja.

"Mweupe! Mweupe! Nyuma, upande wa kulia! Mama yangu wee, ni mweupe!"

Boti nzima ikaruka. Baba, mtu ambaye huwa haachi usukani, alitoka nje na kusimama kinywa wazi. Kivuli kikubwa cha kijivu kilipita chini ya chambo, bila haraka, kikazama. Zoleka akaanza kuwapanga wageni sita wa kwanza. Curwin alikuwa wa mwisho. Alikaa ukingoni mwa kizimba, miguu ndani ya maji, na hapo akakwama.

"Februarie, ingia au utoke," Zoleka akasema, lakini kwa upole.

"Siwezi."

Baba alinitazama. Mtumishi mmoja wa boti anaruhusiwa kushuka na mgeni aliyeogopa. Hakuniambia niingie wala hakuniambia nisiingie. Suti nilikuwa nayo mwilini chini ya koti; Zoleka akanifungia zipu, nikauvaa mkanda wa risasi, ule wenye vipande vya madini vya kumzamisha mtu, nikaingia.

"Shika nondo ya ndani," nikamwambia. "Si ya nje. Nikizama, zama."

"Ronel..."

"Usinishukuru. Zama."

Maji ya Julai hukukaba koo kwanza ndipo yakuruhusu kufikiri. Tulikuwa bega kwa bega, mpira kwa mpira. Zoleka akaita, "Chini! Kulia!" tukazama.

Mwanzoni palikuwa na kijani tu, na vumbi la bahari. Kisha akatokea, kama kitu kilichokuwepo muda wote ila sisi tulikuwa vipofu. Alikuwa jike, si mkubwa, mita tatu hivi. Nyuma ya pezi lake la ubavuni palikuwa na kovu bichi, nyama ya waridi. Naye alikuwa anakimbia kitu. Alipita karibu sana, ningeweza kuhesabu vitundu vya puani mwake, na jicho lake lilitupitia sisi wote saba. Watu husema ni jeusi. Kwa karibu ni la samawati iliyokolea, kama usiku unaoanza. Halikuwa na hasira. Halikuwa na lolote la kutuambia.

Nilihisi mkono wa Curwin umeushika wangu juu ya nondo. Chini ya maji hakuna neno, hakuna mama, hakuna kaburi. Nikamwachia mkono wangu kwa urefu wa pumzi ile moja. Pumzi ilipokwisha nikautoa, tukapanda juu.

Papa alirudi mara mbili, kisha akaondoka. Wageni walipiga makofi na kukumbatiana. Curwin alikaa sitahani amefunikwa taulo, akitazama mbele.

"Nilikuja nimchukie," akasema. "Nilijiambia, nikimwona nitamchukia yeye, nami nitapumzika."

"Umemchukia?"

"Kama kulichukia jiwe. Hanijui, Ronel. Wala Riaan hakumjua."

Nikamletea kikombe cha chai, nikaenda kuosha ndoo zangu.

Blompark haina siri. Mtu akipiga chafya kwa juu, wa chini wanamwombea afya. Tulipokaribia bandarini nilimwona kabla ya wote. Shangazi Siena alikuwa amesimama chini ya mteremko wa kushushia boti, na gauni la nyumbani, slipa miguuni, koti la mvua juu ya mabega. Alikuwa ametoka mbio. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyuzi zao waliacha kazi. Trekta lilituvuta kutoka majini, na kabla ngazi haijawekwa sawa alikuwa ameshafika ubavuni.

"Curwin!"

"Mama."

"Miaka minne. Mtu ananiambia mwanao yuko kwenye boti ya Attie Speelman, nikamwambia muongo wewe, mwanangu akirudi atakuja kwa mama yake." Sauti yake haikuwa kubwa. "Umekuja kwa huyu kabla ya kuja kwangu."

"Sikumwita, Shangazi Siena," nikasema.

Alinigeukia. "Wewe huiti kwa mdomo, msichana. Wewe unaita kwa ndoo."

Mmoja wa wavuvi aliguna. Baba alianza kushuka kutoka kwenye usukani, uso umemwiva. Nikamwinulia mkono asimame. Sikumtazama Curwin. Niliapa sitamtazama. Nilitazama slipa za Shangazi Siena, za kitambaa cha buluu, moja imelowa.

"Mama, acha," Curwin akasema.

Aliteremka ngazi, akasimama mbele yake na ile suti ya mpira ikimdondoka maji.

"Nilimpeleka mimi. Riaan. Hakwenda na watu wa Hawston. Mimi ndiye niliyeendesha boti, mimi ndiye niliyechagua mahali, na doria walipokuja nilimwacha chini nikakimbia. Ronel hakujua kitu. Alidhani naumwa homa. Nilikuacha umlaumu kwa sababu niliogopa utanitazama hivi unavyonitazama sasa."

Trekta lilizimwa. Nadhani dereva mwenyewe hakujua amelizima. Nilisubiri kofi, nilisubiri kilio, kile kilio cha makaburini ambacho bado nakisikia. Shangazi Siena alisimama tu. Hatimaye akauliza, polepole kama mtu anayeulizia njia:

"Asubuhi ile alikuwa amekula?"

Curwin alifunga macho. "Alikula, Mama. Mkate na jemu ya aprikoti. Vipande vitatu. Alikula na changu."

"Na chai?"

"Na chai. Sukari nne."

"Nne," akasema Shangazi Siena. "Nilimkataza." Akatikisa kichwa. "Alikuita? Alipokuwa... alikuita jina?"

"Nilikuwa mbali, Mama. Sikusikia."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anayeambiwa kitu na mtu mwingine tusiyemwona. Kisha akanitazama mimi. Uzee ulikuwa umemshukia pale pale, tukimwangalia.

"Wewe ulijua?"

"Nimejua leo, Shangazi. Saa tano."

"Saa tano." Alijifunga koti vizuri. "Natakiwa kukuomba radhi. Najua natakiwa. Leo sina nafasi moyoni."

"Sijakuomba."

"Hapana. Hukuniomba." Akageuka, akaanza kupanda mteremko peke yake, slipa zikipiga visigino, na wavuvi wakampisha na kuvua kofia zao.

Curwin alibaki mbele yangu. Neno nililolingoja miaka minne lilikuwa limesemwa, mchana, kwa sauti, mbele ya watu. Nilikuwa nimeota siku hiyo mara nyingi, na kila mara katika ndoto nilimkimbilia. Sasa miguu yangu ilikuwa kama imefungwa mkanda wa risasi.

"Ronel. Naweza kubaki. Meli inaondoka Alhamisi, lakini naweza kubaki. Niambie tu."

"Mfuate mama yako."

"Na sisi?"

"Hakuna aliyemshika mkono pale kwenye mteremko, Curwin. Mfuate."

"Unanipenda bado?"

Swali la kijinga, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtoto. Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na haki ya kusema uongo.

"Nakupenda," nikamwambia. "Na nikikutazama namwona Riaan anakula mkate. Hapo kabla nilikuwa nakuona wewe tu. Sijui nifanye nini na hilo. Wala usiniulize Alhamisi."

Alitaka kunigusa shavu. Mkono ulifika nusu ya njia ukarudi. Alivua lile koti la mvua la boti, akalikunja vizuri, akalipachika kwenye ngazi. Kisha akaupanda mteremko akiwa na suti yetu ya mpira mwilini, viatu vikitoa maji kila hatua. Hakuna aliyemdai.

Juu, penye kona ya duka la samaki, Shangazi Siena alikuwa amesimama. Hakugeuka nyuma. Lakini alisimama vilevile, mgongo umetuelekea, mpaka Curwin akamfikia, ndipo akaanza tena kutembea, naye Curwin hatua moja nyuma yake. Kona ikawameza wote wawili.

Wageni walishuka kimyakimya wakaenda kunywa supu. Zoleka alinipapasa mgongo akapita. Baba alikuja na bomba la maji, akasimama kando yangu, akaangalia ule mteremko mtupu.

"Umeangalia vya kutosha," akasema. "Ukitaka kwenda, mimi sikuzuii tena. Boti nitaiosha mwenyewe."

"Iko damu nyingi huku nyuma, Baba."

"Damu nimeiosha miaka thelathini. Nenda, mwanangu."

Sikwenda. Upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa umefika, na matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yakianguka. Nilichukua brashi, nikapanda ngazi, nikapiga magoti. Nikaanza kusugua sitaha kutokea mbele kabisa, mahali ambapo hapakuwa na uchafu wowote, kwa sababu kutoka pale barabara haionekani.